Nyumba Haina Jiko

Leipzig, Novemba 2025

Shangazi,

Manchester tumehama, sasa tuko Ujerumani. Baridi ni ile ile, ila hatuna jiko. Huku mpangaji akihama, mara nyingi huondoka na jiko lake lote: makabati, sinki, hata taa, anakuachia nyaya zinaning'inia darini. Tulipofungua mlango, Baba Zuhura alidhani tumeshaibiwa. Mchele naoshea bafuni. Wale Wajerumani waliojenga reli ya Tanga mpaka Moshi, sijui nao walishuka melini na masinki yao? Ukimpata mzee wa kumbukumbu huko Tanga, niulizie.

Jiko tumelinunua. Limeletwa Jumamosi jioni, vipande vipande, na Jumapili huku ni marufuku kutoboa ukuta au kupiga nyundo. Hata chupa tupu huendi kutupa kwenye pipa la vioo, usije ukawasumbua watu. Basi tukakaa tunalitazama.

Makaratasi usiseme. Ukihamia nyumba una wiki mbili za kwenda kuandikishwa, tena na karatasi ya mwenye nyumba kwamba kweli unaishi kwake. Ukishaandikishwa ndipo unapopata namba ya kodi, na bila namba ya kodi huoni posho ya watoto, nayo mwaka huu wa 2025 ni euro 255 kwa mwezi kila mtoto. Kwa hiyo kidogo nimekuwa mpole.

Idi kaanza chekechea. Hawampokei mtoto wakakufungia mlango. Mzazi hukaa naye ndani kwanza, kisha anatoka kidogo anarudi, mpaka mtoto azoee. Idi alizoea upesi. Baba yake ndiye nilimkuta koridoni, kwenye kiti cha watoto, anafuta machozi, anasema ni mafua. Mvua ikinyesha wanatolewa nje wote, na suruali za mpira, wagaegae matopeni. Ungekuwepo ungemfuata mwalimu na mwarobaini mkononi.

Pilipili yako nitumie, ila Shangazi, tafadhali usiandike "Mama Zuhura". Fleti nyingi za huku hazina namba. Mtu wa posta anasoma jina lililoko kwenye kengele tu. Andika jina la Baba Zuhura, lote, na usilifupishe kama ulivyolifupisha kwenye kadi ya harusi.

Mwanao,
Mama Zuhura