Muulize Shangazi Waya: Nimpe Windows Talaka?

Wiki hii barua karibu zote zimekuja na jambo moja, kuhamia Linux. Za mikrofoni zilizoazimwa zisirudi nimeziweka kando, wenyewe wavumilie.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni prodyuza, studio yangu ni chumba ninacholala, Mbagala. Nimeishi na Windows 10 na FL Studio miaka minane. Sifichi: hiyo FL nilipewa na rafiki kwenye flashi, pamoja na maelekezo ya kuzima antivirusi kwanza. Sasa kompyuta inaniambia Windows 10 imefika mwisho, na Windows 11 inaikataa kwa uzee. Jamaa yangu ananishawishi niingie Linux, eti ni bure na haiingii virusi. Nimpe Windows talaka tatu? – Mnyonge wa Biti*

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha ulivyosema ukweli kuhusu ile flashi. Wenzio huniandikia kana kwamba risiti wanazo.

Kompyuta haijakudanganya. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel Windows 11 inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Hizi laptopu za mtumba tunazouziwa Kariakoo nyingi zilizaliwa kabla ya hapo. Kioo kizima, kibodi nzima, nguvu za kurekodi zipo, lakini harusini hazialikwi. Linux itaipokea yako bila kuiuliza umri. Hapo jamaa kasema kweli.

Asichokuambia ni unachokiacha nyuma. FL Studio haina toleo la Linux. Ipo njia ya kuiendesha kupitia Wine (si mvinyo, ni programu inayoziwezesha programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux) na wapo wanaofanikiwa. Plagini za Windows nazo zina daraja lao, linaitwa yabridge, na nyingi huvuka. Zinazogoma sana ni zile zenye kufuli kali za leseni. Ila hiyo yako iliyofunguliwa kwa bisibisi, ikikwama mtoni usiniandikie. Na hilo la virusi: Linux hailengwi sana, ni kweli, lakini mtu aliyezima antivirusi kwa maelekezo ya flashi hana haki ya kuingiza usalama kwenye sababu zake.

Kwa hiyo talaka bado. Anza na uchumba. Tafuta flashi ya GB 16, shusha Ubuntu Studio kwa bando la usiku, iandike kwenye flashi, kisha washa kompyuta kutokea humo humo. Diski yako haiguswi mpaka wewe mwenyewe ubofye pa kusakinisha. Chomeka kadi yako ya sauti, vaa hedifoni, jirekodi ukihesabu moja mpaka kumi, jisikilize. Ubuntu Studio ni toleo la Linux, lipo tangu 2007 na limeandaliwa kwa watu kama wewe: utakuta Ardour ya kurekodi na kumiksi, Hydrogen ya kupanga ngoma. LMMS ndiyo itakayokukumbusha nyumbani, kwa jinsi inavyopanga midundo kwenye visanduku na melodia kwenye kibodi ya piano iliyosimamishwa ubavuni. Jina la Ubuntu lisikutishe. Ni neno la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa damu wa “utu” wetu.

Ukishaipenda, kuna kazi moja kabla ya kufunga mizigo, na hii hata asiyehama aifanye. Fungua ile folda ya nyimbo. Najua ina faili inayoitwa “final”, nyingine “final mpya”, na nyingine “final kweli sasa hii”. Faili za mradi wa FL usitegemee zitafunguka vizuri kwingine. Unachohamisha ni sauti. Katika kila wimbo toa kila chaneli peke yake kama WAV ya biti 24 (biti za hesabu, si hizo zako). Zote zianzie sekunde ya sifuri, hata kama tarumbeta inaingia dakika ya pili, ili siku ukizipanga upya zikae zenyewe mahali pake. Toa kila moja mara mbili, moja ikiwa na mwangwi na madoido, nyingine kavu. Jina liseme ni nini na tempo ngapi: “kiitikio_wasichana_92”. Ni kazi ya Jumapili nzima na inachosha kuliko kufua mapazia. Lakini WAV itafunguka kwenye kompyuta yoyote utakayomiliki.

Ukimaliza, tazama ulichobaki nacho. Kama ni sikio lako na sauti ulizorekodi mwenyewe, hama hata kesho. Kama ni plagini hamsini za wizi na nyimbo hakuna, baki hapo hapo Mbagala.

*Shangazi, nikiweka Linux sauti yangu itatoka kama ya redioni? – Mwenye Haraka, Tabora*

Haitatoka. Tundika blanketi zito nyuma yako unapoimba, na uzime feni.

*Shikamoo Shangazi. Naandika huku nalia. Mume wangu ni mpiga gitaa. Tangu aweke hiyo Linux wiki tatu zilizopita analala saa nane usiku. Anakaa mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na gitaa limeota vumbi. Juzi nimemsikia usingizini anasema, “Jack amemzuia Alsa.” Shangazi, Jack ni nani? Na huyu Alsa, ana watoto? – Mwenye Nyumba, Morogoro*

Marahaba mwanangu, futa machozi. Alsa hana watoto. ALSA ni tabaka ndani ya Linux linalozungumza na kadi ya sauti. JACK ni programu iliyoanzishwa na Paul Davis, bwana huyo huyo wa Ardour, inayopitisha sauti kutoka programu moja kwenda nyingine bila kuchelewa. Tabia yake ni kwamba akishaishika kadi, programu nyingine hukaa kimya mlangoni. Ndiyo hiyo kesi ya usingizini. Miaka mingi watu wameamua ugomvi huu kwa amri za skrini nyeusi.

Na anachokitafuta si upuuzi. Gitaa likiingia kwenye kompyuta, sauti hukusanywa kwenye kapu linaloitwa bafa kabla ya kushughulikiwa. Kapu la sampuli 1024, kwa mwendo wa sampuli 48,000 kwa sekunde, linachelewesha sauti kama milisekunde 21. Kwa kasi ya sauti hewani hizo ni mita saba: ni kama anapiga gitaa sebuleni na spika iko kwenye mwembe wa jirani. Akishusha kapu hadi sampuli 128 inakuwa chini ya mita moja, kama spika iko mezani pake. Hapo anastarehe. Ila kapu likiwa dogo mno kwa uwezo wa mashine, sauti huanza kukatika na kutatarika kama chipsi zinazotumbukizwa kwenye mafuta. Mumeo anahangaika katikati ya mwembe na chipsi.

Kosa lake ni kwamba anafuata maelekezo ya kizamani. Siku hizi kuna PipeWire, kazi iliyoanzishwa na Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat, iliyowapatanisha hao wote: JACK, ALSA na muziki wa kawaida wa YouTube, mezani pamoja. Fedora, toleo jingine la Linux, iliifanya ndiyo ya kawaida 2021, Ubuntu ikafuata mwaka uliofuata, na toleo la 1.0 la PipeWire yenyewe lilitoka 2023. Hata ile kazi ya kuifanya Linux iitike papo hapo, iliyokaa nje ya mlango karibu miaka ishirini, iliingizwa rasmi kwenye kiini chake 2024. Mwambie mumeo aweke toleo jipya, aache PipeWire ifanye kazi, aweke sampuli 256 na aondoe mikono.

Mpe Jumamosi mbili. Ya tatu aje sebuleni na wimbo mzima, hata kama ni mbovu. Asipokuja nao, shida yake haikuwa Windows na wala si Linux. Wapo wanaume waliojenga studio miaka kumi bila kurekodi hata mwaliko wa harusi, nami nimewahi kuolewa na mmoja.

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa kwaya, Mwanza. Nataka kununua kadi ya sauti ya USB yenye matundu mawili ya mikrofoni. Muuzaji anasema haifanyi kazi na Linux kwa sababu kwenye boksi kumeandikwa Windows na Mac tu. – Mwalimu*

Mwalimu, boksi huandikwa na watu wa biashara. Muulize kama kadi hiyo hufanya kazi kwenye iPad bila kusakinisha draiva. Ikifanya, maana yake inafuata kanuni ya pamoja ya sauti kwa USB, na Linux inaijua kanuni hiyo tangu zamani. Bora zaidi, nenda na laptopu yako dukani na ujaribu pale pale kabla hujatoa pesa. Akikukatalia kujaribu, duka la pili lipo.

*Shangazi, sikuamkii, salamu za vyeo ni ukoloni. Kila anayetumia programu ya kulipia ni mtumwa. Kwa nini huwaambii wasomaji wako ukweli? – Mwanaharakati, Nairobi*

Kaa kitako, maji yapo mtungini. Kiswahili chetu kimekupa maneno mawili ambayo wewe umeyafanya moja: huria na bure. Ardour ni huria, msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Lakini ukitaka nakala iliyo tayari kutoka kwa watengenezaji wenyewe, wanakuomba mchango wa fedha, na Paul Davis anakula kutokana na hiyo. Sioni mtumwa hapo. Reaper, programu nyingine ya kurekodi, si huria, ila ina toleo la Linux, unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60. Mimi ndiyo ninayotumia, juu ya Linux, na nimelipa. Pole kama nimekuvunja moyo.

Ukitaka kazi ya kuonyesha uhuria wako, usibishane na watoto wa Mbagala. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa na kutafuta neno la kila kitufe. Fungua Ardour leo uone kama kuna mtu amekaa kutafuta neno letu la “fader”. Ukilipata, nitakuamkia mimi.

Nafasi imekwisha. Kijana wa Tandika uliyenitumia biti kumi na saba kuuliza kama uhame: nimezisikiliza zote, hakuna hata moja inayozidi dakika moja. Ya nne ni nzuri. Imalize kwanza huko huko kwenye Windows yako, halafu uniandikie.