Kiganja cha Kushoto

Tangu Jumamosi iliyopita siwezi kupita mtaa wa Kilakala bila watoto kuninyooshea mikono ya kushoto huku wamefumba jicho moja. Na wazazi wao, ambao kwa adabu iliyobaki duniani wangepaswa kuwakemea, huzigeuzia nyuso ukutani ili mabega yao yacheke peke yao. Fedheha hii ilinifika nikipiga picha katika kadamnasi ya harusi, mbele ya mjomba wa bibi harusi. Na asiyejua uzito wa cheo hicho na ajue kwamba Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hata mjomba akawa ndiye mwenye kauli katika ndoa ya mpwawe, na baba mzazi akaketi kando akingoja kuarifiwa.

Mjomba huyo aliketi chini ya mwembe, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hata ikawa na makali, na nyuma yake mlima Lupanga, ambao kilele chake kina mita 2,138 juu ya bahari, ulikuwa umevikwa mawingu yaliyowaka kwa jua la alasiri. Mandhari hayo ni tunu kwa macho na balaa kwa kamera. Jicho la binadamu huona uso ulio kivulini na wingu linalong'aa kwa wakati mmoja, bila kunung'unika; kamera haiwezi. Wingu lile huenda lina mwanga mara 16 kuliko uso wa aliyeketi chini ya mwembe, na kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera yangu hakijui uso ni nini wala wingu ni nini, hujua wastani tu. Kimefundishwa kwamba kila kitazamwacho, kiwe makaa au theluji, hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia, yaani kijivu cha katikati; basi kikiona weupe mwingi hukata shauri kwamba dunia imezidi kung'aa, kikaupunguza mwanga, na kikiona weusi mwingi huuzidisha. Theluji huwa kijivu, makaa huwa kijivu, na mjomba aliyevaa kanzu mbele ya wingu huwa kanzu isiyo na mwenyewe.

Dawa yake ni kitufe kidogo kilicho nyuma ya kamera, chini ya dole gumba la kulia, nami nakistahi kuliko vitufe vyote. Mpiga picha huielekeza lenzi kwenye kitu kilicho katika mwanga uleule wa uso autakao, hukibana kitufe, na papo hapo kamera huitia kufuli hesabu yake, upana wa tundu la lenzi na muda wa pazia kufunguka. Baadaye aweza kuigeuzia kwenye wingu au kanzu, nayo isibadili rai. Kitu bora cha kupimia, kwa asiyebeba kadi ya kijivu, ni kiganja chake mwenyewe, kwa kuwa viganja vya wanadamu havipishani kwa rangi kama nyuso zao zipishanavyo: hurudisha takriban mara mbili ya mwanga wa kadi ile, basi mtu huongeza hatua moja, na hesabu imetimia.

Ila kufuli la kamera yangu hudumu muda ule tu dole likiwa limekibana kitufe. Na kwa kuwa watengenezaji karibu wote wameutwika mkono wa kulia kazi hizi zote, kiganja kinachobaki huru ni cha kushoto. Laiti ningalikuwa na Exakta, ile kamera iliyotengenezwa Dresden, Ujerumani, tangu miaka ya 1930, ambayo kitufe chake cha kupigia picha kiliwekwa upande wa kushoto! Za mwanzo hazikuwa na kipima mwanga wala kufuli lake, lakini ingaliniachia mkono wa kuume, na heshima yangu pamoja nao.

Basi nikasogea kivulini, nikaunyoosha mkono wa kushoto mbele ya lenzi, nikakibana kitufe. Mzee, kwa ukarimu wake, akadhani naja kumwamkia. Akainuka nusu, akatoa mkono wake wa kuume, kisha akatambua ni upi uliomkabili. Kuliinua dole ni kukosa kipimo, kutoliinua ni kukosa adabu. Nikasimama baina ya hasara mbili, mkono umenyooka, jicho moja limefumba.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye masufuria ya pilau, "mkono huo wa msalani wampa nani?"

"Napima mwanga, mjomba."

"Mwanga?" akadakia bibi mmoja nyuma yangu. "Amemwona wapi?"

Hapo milima nayo ikaingilia kati. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki ya Uluguru, hupoa, huacha huko mvua nyingi, na mawingu yaliyosalia huvuka vilele na kutushukia sisi wa upande mkavu pasipo hodi. Jua likafunikwa, na hesabu niliyoifunga kwa gharama ya heshima yangu ikawa ya alasiri isiyokuwapo tena. Kanuni ilinitaka nipime upya. Nami, kwa kuwa elimu ni elimu, nikaunyoosha mkono uleule tena.

Mjomba akatoka chini ya mwembe.

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Lakini liko jambo nisiloweza kulicheka. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyoitwa Shirley, na sura hiyo ikawa mizani ya sura zote. Waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba filamu zilianza kurekebishwa ili zionyeshe vema rangi za kahawia baada ya watengenezaji wa samani na chokoleti kulalamika kuwa bidhaa zao hazitoki sawasawa. Mbao zilisikilizwa, na peremende zikasikilizwa. Bibi zetu, waliotoka katika picha za harusi zao wakiwa meno na kanga tu, wangalilalamika kwa nani? Filamu imepita, na kamera nyingi za leo bado hukisia kijivu. Kuisahihisha mizani tumeachiwa sisi, kwa viganja vyetu, mbele ya wakwe.

Yaliyofuata yalikuwa madogo. Nilipima mvuke wa pilau, wapishi wakatoka vivuli. Simu niliyoikimbilia, ambayo kufuli lake ni kukandamiza kioo kwa kidole, ilipima sikio la mpambe. Na jana karani wa ofisi moja mjini alizirudisha picha zangu za kubandika kwenye fomu, zilizopigwa mbele ya kitambaa cheupe kama nilivyoamriwa, akasema uso una giza. Nikamwomba anionyeshe picha iliyo sawa. Akanyanyua kitambulisho kilichoning'inia kifuani pake: ukosi mweupe, na juu ya ukosi hapakuwa na mtu.

"Yangu," akasema, "ilikubaliwa."