Heko, Uvungu wa Kitanda

Ndani ya chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, kila kitu kina mtu wa kukisifia. Godoro linasifiwa kwa unene, kabati kwa kioo chake, pazia kwa kuficha dirisha lisilo na wavu. Hata nyuma ya mlango pana heshima yake, kwa sababu ya misumari inayobeba makoti. Uvungu wa kitanda ndio hauna msemaji. Unatajwa siku kitu kimepotea au siku panya ameonekana, basi. Nimejitolea kuutetea, kwa kuwa sioni mwingine anayegombea kazi hiyo, na kwa kuwa naishi Singida mjini, mahali ambapo ukiuondoa uvungu, mavuno ya nusu ya mtaa hayana pa kulala.

Tuanze na hesabu, maana mwenye nyumba naye huanzia hapo. Kitanda cha 5 kwa 6 kinameza futi za mraba 30 kati ya zile 100 ulizolipia kodi ya miezi sita mbele. Mwenye haraka ataona hasara. Lakini chaga zikiwa inchi 14 kutoka sakafuni, chini yake kuna futi za ujazo 35, na hizo ni karibu lita 1,000. Yaani ndoo 50 za lita 20 zimekaa chini ya mgongo wako na wewe unalalamika kwamba chumba hakitoshi. Mwenye nyumba hajui. Angejua, angeandika kifungu kwenye mkataba.

Sasa njoo kwenye alizeti. Huku kwetu mvua ikishaondoka haina haraka ya kurudi, na wote tuliolima pamoja tunavuna pamoja. Tukivuna pamoja tunauza pamoja, na bei inaanguka. Dawa yake inajulikana na kila mkulima kuanzia Iramba hadi Ikungi: ngoja. Ila kungoja kunataka ghala. Nchi ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005, ili mkulima aweke mzigo ghalani, apewe karatasi, auze kwa utaratibu. Mpango mzuri, wala siubezi. Lakini uvungu ulikuwa ukiifanya kazi hiyo tangu zamani bila karatasi, bila makato na bila foleni, na mlinzi wake analala juu ya mzigo usiku kucha. Ghala gani lingine lina mlinzi wa namna hiyo, tena asiyedai mshahara?

Na ni ghala lenye msimamo. Miaka nenda miaka rudi viongozi wanapiga vita lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba mpaka linamzidi urefu mtoto wa darasa la tatu. Mizani imeletwa, faini zimetangazwa, na lumbesa lipo. Jaribu kuliingiza uvunguni. Linakwama kwenye ubao wa pembeni, halisogei mbele wala nyuma, na mwenyewe analazimika kulifungua na kupunguza. Hakuna askari aliyehitajika.

Mafuta nayo yana la kushukuru. Anayesafiri barabara kuu akipita Singida huyaona yamepangwa kandokando ya lami, madumu kwa chupa, yanang'aa juani kama dhahabu ili dereva apunguze mwendo. Yanapendeza, lakini jua ndilo adui wa mafuta ya alizeti. Mwanga na joto huyaharakisha kuchacha, na lile jua linaloyang'arisha ndilo linaloyamaliza. Dumu langu liko gizani, limefunikwa kanga kuukuu, karibu na ukuta ambako sakafu ina ubaridi. Mtaalamu wa kuhifadhi chakula angeniambia nifanye hivyo hivyo. Uvungu haujasoma, lakini jibu unalo.

Vitunguu vinataka adabu kidogo. Ukivirundika bila hewa vinaoza, na kimoja kikioza kinawaita wenzake. Vitandaze kwenye kipande cha wavu juu ya fito, tabaka moja, uviangalie kila baada ya siku kadhaa. Ukavu wa mkoa wetu utakusaidia kwa mengine. Ni kweli kwamba chumba kitanukia vitunguu. Mgeni akiuliza, mwambie ni manukato, na kwamba yatapanda bei ikifika masika.

Mpangaji mkuu wa uvungu ni mwingine kabisa. Kuku wa kienyeji wa Singida jina lake limefika mbali, na matenga yake hupakiwa kwenye mabasi kwenda Dodoma na Dar es Salaam, lakini wanaomla huko hawajui alikozaliwa. Wengi wamezaliwa uvunguni. Jioni moja nilimkuta jike mwekundu wa jirani amejichimbia kwenye beseni langu bovu, nyuma ya tranka, ametanua mbawa, manyoya ya shingo yamesimama. Nikamulika kwa simu. Hakukimbia. Alitoa ule mguno wa kuku anayeatamia, kama mtu anayekohoa kukukumbusha kwamba hujabisha hodi. Nikaenda kwa mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Yule kuku wa jirani kaatamia kwangu."

"Marahaba. Mayai mangapi?"

"Sijahesabu, anadonoa."

"Basi mwache, usimhamishe, atayasusa. Nyunyiza majivu chini, la sivyo utitiri utahamia kwenye shuka zako."

Nikanyunyiza majivu. Kuku huatamia siku 21, na kwa muda wote huo nililala na jirani mpole kuliko wote niliowahi kupanga nao: hana redio, hana wageni, anatoka mara moja kwa siku kula na kunywa, kisha anarudi kazini. Vifaranga walipototolewa, mwenye kuku alikuja na kikapu, akanishukuru, akaniachia mayai mawili yaliyogoma. Nikachukulia kuwa ni kodi.

Watu wa mjini wakisikia haya wanacheka, kana kwamba kulala na mali ni ushamba. Babu zetu Wanyaturu na majirani zao Wagogo walijenga tembe, nyumba ya paa bapa lililofunikwa udongo, na usiku ukiingia mifugo ilikuwa na nafasi yake humo humo. Nafaka zilikaa kwenye vilindo vya magome ya miti. Hakuna aliyeona aibu kusikia ndama akipumua. Tulipohamia kwenye bati na chumba kimoja, tuliacha zizi na kihenge nyuma, na uvungu ukavirithi vyote viwili kimyakimya.

Wala msidhani ni jambo la wanyonge wa bara tu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza vitanda vya jumba la kifalme vilivyokuwa virefu mno, mtu akihitaji kiti au mkono wa mtumishi ili apande. Na chini yake? Walilala mayaya wa watoto na wauguzi wa wagonjwa. Jumba la Sultani, lenye vyumba na kumbi, bahari mbele yake, na bado uvungu ulikuwa na kazi. (Kwamba aliyelala chini hakuulizwa kama anapenda, hilo ni doa la wenye kitanda, si la uvungu.) Wajapani, kwa upande mwingine, huko kwao kwa jadi hulala juu ya mikeka na kukunja godoro asubuhi, wakalitia kabatini. Ni watu hodari, lakini wanapoficha alizeti sijui.

Wapinzani wana hoja zao. Wanasema uvungu unafuga kunguni. Ni kusingiziwa: kunguni hupenda zaidi mishono ya godoro na nyufa za mbao, karibu na damu yako, kuliko sakafu. Wanasema unakusanya vumbi. Upepo wa kiangazi wa Singida unalipitisha vumbi chini ya mlango kila siku. Lisipokaa uvunguni lingekaa kwenye ugali. Wanasema kuna nge. Nge yupo, nakubali, ndiyo maana mtu mwenye akili hupeleka tochi kwanza na mkono baadaye. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siwapingi, ila kwa habari ya nge naona mpini wa ufagio unatosha.

Kitu kimoja tu sitakitetea. Jiko la mkaa lisirudishwe uvunguni, hata likionekana limezimika. Kaa lililofunikwa majivu bado linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na waliolala nalo chumba kilichofungwa hawakuamka. Liache nje.

Tena kuna faida ambayo wenye ndoa hawaisemi hadharani. Kila mtu anajua ile hadithi ya fumanizi: mume kagonga mlango ghafla, mgoni anatafuta pa kuingia, na pa kuingia ni pamoja tu, uvunguni. Sasa mtazame mgoni wa mwezi wa saba hapa Singida. Anainama, anakuta magunia matatu, dumu, begi la shangazi kaja lenye vyeti vya shule, kibubu, godoro la mgeni lililokunjwa, na kuku anayedonoa. Atakwenda wapi? Uvungu uliojaa umelinda nyumba nyingi kuliko vikao vya wazee.

Ndiyo maana napata hasira nikiona vitanda vipya vinavyoshushwa madukani siku hizi, vile vya boksi, vimezibwa ubao pande zote mpaka sakafuni, vimevikwa kitambaa cha kung'aa na vifungo kama koti la harusi. Vina droo mbili, wanasema. Droo! Nimezipima kwa macho: zinaingia shuka na soksi. Lita zote zilizobaki zimefungiwa humo ndani gizani, hazimfai mtu, na umezilipia mara mbili, kwa muuza kitanda na kwa mwenye nyumba.

Mimi nimekwenda kwa fundi seremala, nikamkuta anapiga randa ubao wa mninga, nikamwambia anitengenezee 5 kwa 6 ya kawaida, ila matendegu ayaongeze inchi 4. Aliweka randa chini.

"Kaka, kitakuwa kirefu. Shemeji atapandaje?"

"Nitengenezee na kigoda."

Akacheka, akachukua penseli sikioni, akaanza kuandika juu ya ubao. Nami nikawa napiga hesabu yangu: kila inchi inaleta lita 70, inchi 4 ni lita 280, ndoo 14 kamili. Akanitajia nyongeza ya matendegu, kisha akataja bei ya kigoda, na hapo kwenye kigoda ndipo tunapovutana mpaka leo.