Tabo na Taabu Zake

Sisi watu wa Kizingitini, katika pembe hii ya kaskazini mashariki ya kisiwa cha Pate, tumejaaliwa ilimu ya bahari kuliko ya nchi kavu; mtoto wetu humjua kamba na pango lake kabla hajalijua jembe na mpini wake, na mzigo ushukao pwani, ukiwa ni mawe ya kujengea au madumu ya maji wakati majabia yamekauka, haukuzoea mchukuzi mwingine tangu zama za mababu ila punda. Kwa hiyo nilipostaafu ualimu, nikatangaza kwamba kiinua mgongo changu kitanunua trekta, jamaa zangu hawakunipinga. Walininyamazia, na kunyamaziwa na jamaa, kwa mwenye kumaizi, ni upinzani uliovaa kanzu ya adabu.

Trekta lenyewe lilikuwa Massey Ferguson 35, lenye injini ya Perkins ya silinda 3 na ujazo wa lita 2.5, ambayo ilipotoka kiwandani ilihesabiwa kuwa na nguvu za farasi takriban 37. Aliyeniuzia, mkulima wa upande wa Mpeketoni, aliniapia kwamba farasi wote wangali hai. Nami nilipoliwasha mara ya kwanza niliingiwa na tashwishi, nikakadiria kuwa nusu yao wamekwisha fariki na waliosalia wana pumu. Almuradi nililipa. Pale Mokowe tulilipakia jahazini juu ya magogo ya minazi, chuma cha kama tani moja na nusu, tukangoja maji yajae, kwa kuwa mkondo wa Mkanda haumpi njia mwenye chombo kizito mpaka bahari ipende. Na nahodha, alipoona chombo kimelalia upande mmoja, akanikalisha upande wa pili niwe farumi, cheo ambacho katika miaka yangu yote ya kufundisha sikupata kupandishwa. Tuliposhusha, trekta likaanza kuupanda ufuko kwa kikohozi kikavu na mafungu ya moshi, na watoto wakalipa jina kabla sijawahi kulipa mimi: Kikohozi.

Sasa, kutoka pwani hadi mwisho wa mji wetu ni mwendo mfupi hata mtu aliyeanza kusimulia kisa bandarini huenda akafika kwake na kisa hakijesha. Mwenye akili timamu angejiuliza kasi ataitumia wapi. Mimi sikujiuliza, kwa sababu asubuhi moja, Kikohozi akipandisha mawe, alinipita punda wa jirani mwenye madumu manne mgongoni, na mtoto aliyemwongoza, kwa malezi mema aliyolelewa, akanigeukia akasema, “Sabalkheri, mwalimu,” kisha akatokomea mbele yangu. Salamu ile ilinichoma kuliko tusi.

Nilimwendea sahibu yangu mmoja, fundi wa mashine za mashua, naye akanieleza kwamba dawa ya injini yenye pumu ni tabo. Tabo, kwa asiyeijua, ni magurudumu mawili madogo yenye mapezi, yaliyofungwa katika shafti moja: la kwanza huzungushwa na moshi wa ekzosi uliokuwa ukipotea bure, na la pili, likiburutwa na mwenziwe kwa kasi iwezayo kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, huishindilia hewa ndani ya silinda ili dizeli iliyozidi ipate hewa ya kuungulia. Ni ubahili uliogeuzwa kuwa nguvu. Aliyeufikiri ni Mswisi, mhandisi Alfred Büchi, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905, akahangaika nao hata mwaka 1925 ndipo alipoweza kuionyesha dunia injini ya dizeli iliyoongezeka nguvu kwa takriban asilimia 40. Yeye alisubiri miaka 20. Mimi nilitaka kazi iwe tayari kabla ya alasiri ya Ijumaa.

Ningalikuwa na busara ningaliikumbuka Kongwa, ambako mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga katika Tanganyika, wakaleta hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, na udongo, ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, ukavivunja vyuma vyote bila ubaguzi, hata ulipofika mwaka 1951 mradi ukaachwa. Habari hizo nilikuwa nikizifundisha mimi mwenyewe darasani. Lakini mwalimu, aghalabu, ni kama kibao cha njiani, huelekeza wengine na yeye asiende.

Nilipomwambia mke wangu kuwa nakwenda kulitia trekta tabo, yeye alisikia taabu, akanijibu bila kuinua macho katika unga, “Kwani ulizonazo zimekupungukia, bwana?” Nikamsahihisha matamshi, na hilo ni jambo ambalo hajalisahau.

Tabo ilitoka katika gari kuukuu, nikaipata Mombasa, ikaja imeviringwa katika gazeti kama samaki wa kukaanga. Fundi alikata bamba la chuma, akalitoboa, akalichomelea, akaifunga mahali pake. Kichujio cha hewa kikakataa kuingiana nayo, basi mdomo wake ukaachwa wazi, upana wa kikombe cha chai. Yote hayo yalikwenda kwa salama. Palipoharibika ni padogo, na aliyepaharibu ni mimi. Tabo hunyweshwa oili ya injini kwa shinikizo, na oili hiyo, ikishapoza beringi zake, sharti irejee katika sampu kwa kuteremka yenyewe, kama maji ya paa yaendavyo jabiani. Fundi aliufunga mpira wa kurejeshea wima, ukaning'inia kama utumbo. Jicho langu, lililozoea michoro ya jometri, halikuustahimili; alipokwenda kunywa kahawa niliukunja, nikaupitisha juu kwanza katika mzingo mzuri mno, kisha nikaushusha, na nikaukaza kwa kamba ya usumba.

Sitaki kudhulumu haki ya robo saa iliyofuata. Kikohozi alipiga mluzi mwembamba kama wa bundi wa chuma, akaupanda ufuko na trela limejaa mawe, na mbele ya macho ya waliotoka msikitini akampita punda wa jirani. Nilimsabahi yule mtoto, ingawa ilikuwa alasiri.

Nilipofika nyumbani nikavuta waya wa kuzimia. Injini haikuzima, iliongeza sauti. Nikavuta tena, waya ukanibaki mkononi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, bali huunguza chochote kiunguikacho kikishindiliwa pamoja na hewa, na oili yangu, ikikosa njia ya kuteremka, ilikuwa imepenya katika sili ya tabo na kuingia njia ya hewa. Kwa hiyo Kikohozi alikuwa akinywa damu yake mwenyewe, na kadiri alivyokunywa ndivyo alivyokimbia, na kadiri alivyokimbia ndivyo tabo ilivyozidi kumkaribisha. Moshi mweupe mzito uliufunika ua, ukapanda kichanja ambapo jirani ameanika ng'onda zake. Na sisi tunaokumbuka mji jirani wa Faza ulivyoungua mwaka 2009 hatuuchezei moshi karibu na makuti, basi mji mzima ukatoka na ndoo. Fundi alikimbia, na kwa insafu nitasema alikwenda kutafuta spana. Ila alikwenda kuitafuta mbali. Mimi nilisimama kando nikiwaeleza watu chanzo.

Aliyetuokoa ni ami yangu, mzee aliyemaliza umri wake akipiga mbizi kutafuta kamba, akimtanguliza pweza pangoni ili kamba atoke kwa hofu. Mtu asiyejua neno katika habari za injini, lakini katika habari za pumzi ni mwanachuoni. Alikuja taratibu, akatazama, akaniuliza, “Mwanangu, kitu hiki chapumua kwa wapi?” Nikamwonyesha. Akaingia jikoni kwangu, akatoka na kibao cha chapati kingali na unga, akakibandika penye mdomo wa tabo. Mluzi ukageuka kilio, kilio kikageuka kwikwi, trekta likatetemeka mara mbili tatu, likazima, na katika kimya kilichoshuka tukayasikia mawimbi.

“Halina pumzi,” alisema ami, kwa huzuni ya mtaalamu.

Fundi alirejea na spana, akautazama ule mzingo wangu, akauliza ni nani aliyeufanya. Mimi nikatazama baharini. Ng'onda nilizinunua zote, zikanuka dizeli hata paka wa Kizingitini, ambao si watu wa kuchagua, wakazipitia mbali. Tabo ilifunguliwa, nayo sasa huzuia mlango wangu usipigwe na kusi, na Kikohozi amerudia mwendo wake wa zamani.

Lakini tabo ilikuwa imekivuta kibao kwa nguvu hata ikakichora duara, na kila chapati isukumwayo juu yake hutoka na alama kama mwezi mpevu. Mke wangu hakubali kinunuliwe kibao kingine. Wageni wakiuliza alama ile ni ya nini, yeye huniachia mimi nijibu, na akiona nasita huwaambia kwa upole, akilitamka neno vizuri sana, “Hiyo ni tabo.”