Sungura wa Mpakani

Fuga sungura Keroka kwa mapenzi tu, uone jirani atakavyochungulia kizimbani: "Mwalimu, huyu mtamla lini?" Mwambie ana jina, atacheka hadi ashike ukuta. Wewe endelea kumpa nyasi, maana meno ya sungura hukua maisha yake yote, na asipotafuna yatamdhuru. Ila angalia unapoweka kizimba. Mji wetu upande huu ni Kisii, upande ule Nyamira, na kaunti zote mbili zinaumezea mate ushuru wake. Sungura akitoroka kidogo tu, kashahamia kwa gavana mwingine. Jike la sungura hubeba mimba siku kama 31, likazaa. Lakini mzozo wa mpaka una mimba tangu ugatuzi wa 2013, na wakunga bado wanalipwa marupurupu.