Pongezi kwa Wizara ya Afya kwa Njia Mpya ya Uzazi wa Mpango

Kwa Wizara ya Afya, na kwa Halmashauri za Manispaa za Kinondoni na Temeke.

Mimi karani mstaafu, mkaazi wa Mbagala, naomba ruhusa ya kuleta pongezi ambazo, kwa kuwa sijamsikia aliyezileta kabla yangu, nachelea zisije zikapotea bila ya kuandikwa. Tangu chama cha uzazi wa mpango cha UMATI kilipoanza kazi mwaka 1959, wataalamu wamehangaika kutafuta njia ya uzazi wa mpango iliyo nyepesi, isiyo na gharama, isiyohitaji ghala wala msafirishaji; wakaleta vidonge, sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi, kitanzi na kondomu, na zote hizo zikatangazwa kwa nyota ya kijani katika kuta za zahanati zetu. Walakini njia iliyo nyepesi kuliko zote, ambayo vijana wa Tandika na Tandale hupewa kwa wingi pasipo kuandikiwa cheti, haikuletwa na mtaalamu yeyote wala mfadhili. Njia hiyo ni aibu.

Naieleza kama nilivyoiona ikitolewa. Nilikuwa nimekaa katika benchi la zahanati moja, ambayo sitaitaja jina kwa sababu ndugu zake ni wengi, nikingoja kupimwa presha, mara akaingia binti wa miaka 17 au 18 hivi, amejitanda mtandio hata uso wake ukaonekana kwa shida, akaketi pembeni mwa akina mama waliopakata watoto. Muuguzi, ambaye sauti yake Mola ameijalia baraka, akatoka mlangoni akaita, "Wa uzazi wa mpango wapite huku!" Benchi zima likageuka. Binti hakuinuka. Alipoulizwa shida yake, akajibu kuwa amekuja kupima malaria; basi akapimwa malaria, hakuonekana nayo, akaenda zake akiwa mzima kabisa kwa mujibu wa daftari.

Mwenye ujasiri wa kuinuka hungojwa na maswali. Umeolewa? Una watoto wangapi? Mama yako anajua umekuja hapa? Mbona kama nakufahamu, wewe si mtoto wa fulani wa kule Charambe? Yote hayo huulizwa kwa huruma ya mzazi, ilhali miongozo ya Wizara yenyewe inasema kwamba kila mwenye umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, anastahili huduma hii bila ya kujali ndoa wala idadi ya watoto. Na wavulana hawakusahauliwa, maana kisanduku cha kondomu kimetundikwa ukutani mkabala na benchi letu sisi wazee wa presha, ili kijana anayetaka kunyoosha mkono apate kwanza kutuamkia shikamoo mmoja mmoja.

Simlaumu muuguzi, maana yeye peke yake hupima watoto uzito, huchoma chanjo, hujaza madaftari na kutuliza wenye haraka, na chumba alichopewa kina pazia mahali pa mlango. Aliyeyapanga hayo ndiye anayestahili nishani.

Wala hekima hii haikuanza leo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimkubalia msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi, na ilipofika mwaka 2019 ndipo Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba jambo hilo halipatani na Katiba. Kwa hiyo kwa muda wa karibu miaka 50 binti wa umri huo alihesabiwa kuwa amekomaa kiasi cha kupika, kufua, kutii na kuzaa, bali hakukomaa kiasi cha kuuliza azae lini. Mwezi Septemba mwaka 2018, baada ya Rais wa wakati ule kusema hadharani kwamba wanaopanga uzazi ni wavivu, Wizara iliandika barua ya kusimamisha matangazo ya uzazi wa mpango katika redio na televisheni. Redio zikatii, televisheni zikatii; walakini maumbile, kwa upungufu wa utaratibu wa ofisi, hayakupelekewa nakala.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kushika mimba. Hesabu imeshuka, kwa kuwa katika utafiti wa mwaka 2015–16 walikuwa 27, na anayestahili shukrani ashukuriwe. Lakini hao 22 hawakushika mimba kwa upepo wa kusi. Wakati zahanati imefungwa, duka la dawa la mtaani liko wazi hadi usiku, na muuzaji hutoa kidonge cha P2 cha kuzuia mimba bila ya kuuliza lolote ila kama mteja ana chenji. Kidonge hicho ni cha dharura, lakini binti aliyekimbizwa na benchi hukizoea kama ada, akinunua kwa fedha yake kinga iliyo dhaifu kuliko ile ambayo angepewa bure, pamoja na nasaha.

Naomba basi moja katika mawili. Ama aibu isajiliwe rasmi, itengewe fungu katika bajeti, na mabango ya "Huduma Rafiki kwa Vijana" yafutwe ili tusiwe watu wa kuandika hili na kutenda lile. Ama wagonjwa waitwe kwa namba badala ya kuitwa kwa haja zao, pazia ligeuke mlango, vijana wahudumiwe hata jioni baada ya masomo na vibarua, kisanduku kiondolewe mbele ya wazee, na swali la ndoa waachiwe shehe na padri. Mlango una gharama, nakiri. Lakini kushusha sauti hakuhitaji mfadhili, wala semina, wala posho ya semina.

Wenu mtiifu,
Karani Mstaafu, Mbagala.

Nakala: Maumbile, kwa taarifa.