Andika "Ka" Uone: Miundo Minane ya Tumboni mwa Dibaga, Kutoka Nane Kushuka Hadi Moja

Hakuna mtu anayefungua dibaga akiwa na furaha. Programu imeanguka, kazi inatakiwa kesho chuoni Kasapa hapa Lubumbashi, betri inasoma asilimia 30, na umeme wa mtaani una tabia zake. Hapo ndipo unapoiita dibaga, yaani programu inayoisimamisha programu nyingine katikati ya safari na kukuachia uchungulie ndani.

Kati yako na dibaga kimekaa kifasiri cha amri. Kazi yake: kupokea mstari, kuitambua amri, kuitekeleza, kungoja mwingine. Mwanafunzi anayetaka kuunda cha kwake huanza hivi: "Yaya, muundo gani wa data una kasi zaidi?" Swali hilo liache mlangoni pamoja na viatu. Mtu huandika kwa vidole kumi akiwa mzima, viwili akiwa amechoka. Hata orodha zembe kuliko zote itamaliza kutafuta kabla kidole hakijanyanyuka. Uliza badala yake: kifasiri kikumbuke nini kuhusu mtu aliyeketi mbele yake? Mifano yangu ni ya GDB, aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1986, na pdb, inayokuja ndani ya Python. Zote mbili ni za bure na msimbo wake uko wazi, hata kwa anayesomea Luwowoshi kwa data za simu.

8. Mstari mbichi

Mfuatano wa herufi, basi. Wanaoanza huukatakata kwenye kila nafasi mara tu unapofika. Kisha mtu anaandika `break hesabu.py:40, chakula == "bukari na sombe"`, na bukari inaangukia kipande kimoja, sombe kingine. Kata neno la kwanza tu. Yaliyobaki yapeleke mazima kwa amri yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayojua sarufi yake.

*Kutenganisha bukari na sombe ni kosa hata nje ya kompyuta.*

7. Jedwali la amri

Hapa wasomi huja na jedwali la hashi, mti wenye mizani na slaidi arobaini. GDB ina nini? Orodha ya mnyororo. Kila amri imeshika kielekezi cha inayofuata, zimepangwa kialfabeti, na kutafuta ni kutembea kuanzia mwanzo. Kila kiungo kinabeba jina, fanksheni ya kuita, maelezo ya `help`, na kama amri ina watoto, mfano `info`, `set` au `show`, kielekezi cha orodha nyingine iliyo chini yake. Alfabeti haiongezi kasi ya maana. Inachofanya ni kwamba mtu akiomba msaada, orodha inatoka imeshapangwa.

Pdb haina hata hilo jedwali. Ukiandika `next`, inabandika `do_` mbele na kuuliza: je, kuna mbinu inayoitwa `do_next`? Ikiwepo, inaitwa. Ni ujanja mzuri, kwa sababu Python tayari inatunza majina yake yote na hakuna haja ya daftari la pili. Ila neno lisilo amri huchukuliwa kuwa msimbo wa Python, na hapo ndipo majina yanapogongana. Aliyekiita kigeu chake `n`, akitaka kukitazama, anaandika `n`, na programu inasogea mstari mmoja. Ilimpasa kuandika `!n`.

*Aliyekiita kigeu chake `c` tunamtakia safari njema. Programu yake imeshaondoka.*

6. Lakabu

Katika pdb, `c`, `cont` na `continue` ni majina matatu ya fanksheni moja. Katika GDB, lakabu ni kiungo kamili ndani ya orodha, chenye kielekezi kwa mwenye jina. Njia yoyote utakayochukua, lakabu ielekeze, isinakili. Ukinakili, siku utakapobadilisha maelezo ya msaada utabaki na majina mawili na maelezo yasiyopatana.

5. Ufupisho

Hapa tukae, mdogo wangu, maana hapa ndipo kifasiri kinapopendwa au kutukanwa. GDB inakuruhusu kufupisha amri utakavyo, mradi usilete utata. Utata ndio nini? Chukua Lubumbashi iwe dibaga. Komine ni saba: Lubumbashi, Kenya, Katuba, Kamalondo, Kampemba, Ruashi na Annexe. Andika `Ka`. Wanainuka watatu. Andika `Kam`, wamebaki wawili, Kamalondo na Kampemba, wanatazamana. Andika `Kat`, na Katuba anasimama peke yake.

Kwa hiyo fanksheni ya kutafuta haiwezi kujibu "ipo" au "haipo" tu. Inarudisha ilichokipata pamoja na idadi: sifuri, moja, au nyingi. GDB inafanya hivyo hivyo, inahesabu waliolingana huku ikitembea kwenye mnyororo. Anayesahau jibu la "nyingi" ananyima watu msaada wa maana kuliko yote, ule wa kuambiwa: unataka ipi kati ya hizi?

Sasa tushuke ngazi. Annexe, komine inayouzingira mji, iwe ndiyo amri yenye watoto: Kasapa, Kalebuka, Kasungami, Kimbembe, Kisanga, Luwowoshi na wengine. `Annexe Ka` inaleta utata mwingine, lakini ni utata wa ndani: Katuba hahusiki, kwa sababu tumeshaingia kwenye orodha ya Annexe na kuufunga mlango nyuma yetu. `A Kim` inakufikisha Kimbembe kwa herufi nne. Na jina Lubumbashi, ambalo ni la mji na pia la komine, halisumbui mtu. Mmoja yuko ngazi ya juu, mwingine ya chini. Ndiyo maana orodha ndani ya orodha inashinda orodha moja ndefu yenye majina ya maneno mawili.

Jina kamili hushinda daima, hata likiwa mwanzo wa jina refu zaidi: GDB ina `break` na ina `break-range`, na anayeandika `break` haulizwi maswali. Kuna pia upendeleo wa wazi: `s` ni `step`, ingawa amri zinazoanza na herufi hiyo zimejaa. Upendeleo huo hauhitaji muundo mpya. Ni lakabu ya namba sita iliyoitwa `s`, na jina kamili linashinda. Nimeupenda sana utaratibu huu kwa uvivu wake.

Tahadhari moja kwa wanaoandika hati za amri: ufupisho ni wa mdomoni, si wa kwenye faili. Siku itakapozaliwa komine mpya inayoanza na `Kat`, kila faili lenye `Kat` litavunjika asubuhi hiyo hiyo.

*Kenya, kwa upande wake, ni herufi mbili tu, `Ke`, na haihitaji viza.*

4. Enter tupu

Bonyeza Enter bila kuandika kitu, na GDB inarudia amri iliyopita. Aliyewahi kupita kitanzi kirefu kwa `next` anajua hiyo ni huruma ya kweli. Muundo wake unaonekana mwepesi: hifadhi mstari wa mwisho. Mwepesi hadi mstari wa mwisho uwe `run`, na mtoto akapita na kidole chake.

GDB inakataa kurudia `run`. Na `list` ikirudiwa haikuonyeshi mistari ile ile. Inaendelea pale ilipoishia, kama anavyotarajia mtu yeyote mwenye akili timamu. Kwa `list`, pdb nayo ni vivyo hivyo. Maana yake, "tena" si neno lenye maana moja. Kwa amri moja ni kurudia, kwa nyingine ni kuendelea, kwa nyingine ni kunyamaza.

GDB inaliachia hili amri yenyewe: ikiwa haitaki kurudiwa, inaita fanksheni `dont_repeat` ndani ya mwili wake. Hapo, kwa heshima zote, mimi siko upande wao. Ningeweka sehemu ndani ya kiungo cha amri, pembeni ya jina na maelezo: rudia, endelea, au hapana. Sehemu inaonekana kwenye jedwali na inaweza kukaguliwa kwa jaribio moja. Mwito uliofichwa ndani ya fanksheni unasahaulika na yeyote anayeongeza amri mpya usiku. Na asiyejaza sehemu hiyo apewe "hapana".

3. Historia, tena mbili

Ya kwanza ni ya mistari uliyoandika, ile unayoipandia kwa mshale wa juu. Usipoiambia vingine, GDB hutunza mistari 256, na haiihifadhi kwenye diski. Ukitaka ihifadhiwe unaandika `set history save on`. Vizuri, yaya, nimeandika! Pole. Faili hilo huandikwa GDB inapofungwa kwa adabu, na umeme ukikatika haufungi kitu kwa adabu. Kwa hiyo anayeunda cha kwake huku Annexe aandike kila mstari mwishoni mwa faili mara tu unapopokelewa. Diski haitachoka kwa mistari ishirini kwa dakika.

Ya pili ni historia ya majibu. Kila `print` inapewa namba: `$1`, `$2`, na kuendelea, `$` peke yake ni jibu la mwisho na `$$` ni la kabla yake. Jambo la kuamua ni moja: unahifadhi swali au jibu? GDB inahifadhi jibu. Ulipouliza `x` ilikuwa 4. Sasa imekuwa 5. `$1` inabaki 4. Ndivyo inavyopaswa, kwa sababu anayesaka hitilafu analinganisha jana na leo, na anayeandika jana upya hamsaidii.

Kwa miaka mingi majibu hayo yalikaa kwenye vipande vya nafasi 60, kila kipande kikielekeza kwa kingine. Baadaye vipande vikafutwa, ikawekwa safu ya kawaida inayojikuza.

*Kama wewe ulihisi tofauti siku hiyo, jitokeze. Tuna maswali.*

2. Amri za kujitungia

Ukiandika `define` na jina, GDB inameza mistari hadi `end`. Kwa kuwa ndani yake panaweza kukaa `if` na `while`, orodha bapa ya mistari haitoshi: kila kifundo kinashika kinachofuata, na kama ni `if` kinashika pia miili miwili, wa kweli na wa vinginevyo. Huo tayari ni mti. Jenga mti wakati wa kusoma, siyo wakati wa kutekeleza, la sivyo `end` iliyosahaulika itagunduliwa nusu ya kazi ikiwa imeshafanyika.

Amri inaweza kujiita yenyewe. GDB inavumilia kina cha 1024, kisha inakata.

*Mama mkwe hukata mapema zaidi.*

1. Vituo

Kituo ni mahali ulipoagiza programu isimame, na kila kimoja kina namba. Angalia pdb ilivyovitunza, kwa sababu ni somo zima katika mistari michache. Ina miundo miwili kwa vitu vile vile.

Wa kwanza ni orodha iliyopangwa kwa namba, na nafasi yake ya sifuri imejazwa `None` makusudi, ili kituo cha 1 kikae kwenye nafasi ya 1. Ukikifuta kituo cha 3, hakitolewi kwenye orodha. Nafasi yake inawekwa `None`. Kingetolewa, cha 4 kingekuwa cha 3, cha 5 kingekuwa cha 4, na wewe uliyekariri "kile cha 4 ndicho chenye balaa" ungeweka sharti lako kwenye kituo cha jirani. GDB nayo haitoi namba ya marehemu kwa mtoto mchanga. Namba ni ahadi kwa binadamu, na nafasi chache tupu ni bei ndogo.

Muundo wa pili ni kamusi ambayo ufunguo wake ni faili na mstari, na thamani yake ni orodha, kwa kuwa mstari mmoja unaweza kubeba vituo kadhaa. Kwa nini ya pili? Kwa sababu sasa anayeuliza si wewe. Wewe unauliza "namba 4 iko wapi?" mara moja kwa dakika. Programu inayokimbia inauliza "je, mstari huu una kituo?" inapofika kwenye mistari yake, tena na tena, bila kuchoka wala kunywa chai. Lile swali la kasi ulilolivua mlangoni, nenda kalichukue: hapa ndipo lilipokuwa likingojewa.

Gharama ya miundo miwili ni kwamba kufuta ni kufuta pande zote mbili. Ukisahau kamusi, una kituo kisichoonekana kwenye orodha yoyote lakini kinachosimamisha programu kila mara, na utaanza kuwatuhumu wakwe.

GDB inavyo vya kwake pia, vya siri, inavyoviweka kwa shughuli zake za ndani. Hivyo vinapewa namba hasi, -1, -2, kushuka, ili visile namba zako. `info breakpoints` haivionyeshi. Unaviona kwa `maint info breakpoints`. Na `delete` bila namba inavifuta vya kwako vyote na kuviacha hivyo vimetulia.

"Yaya, kwa nini wanavificha?"

Kwa sababu ungevifuta, mdogo wangu. Nakujua.